Mwenza wa Kona

Madam wa Hesabu alikuwa anatembea na kamba. Ilikuwa kamba ya katani, urefu wake kama mikono miwili iliyonyooshwa, ncha moja imefungwa kitanzi, na aliiweka kwenye mkoba pamoja na chaki, kalkuleta na tasbihi. Watu wa mjini Kasulu walioiona ikichungulia walidhani ana mbuzi mahali. Muuza duka mmoja aliwahi kumwuliza mbuzi wake anaendeleaje, naye akajibu kwamba anaendelea vizuri, kwa kuwa hakuona haja ya kumweleza mtu radiani wakati wa kununua sukari.

Mimi nilikutana na kamba hiyo nikiwa kidato cha tano. Alitutoa darasani, akatupeleka nyuma ya maabara ambako ardhi ni tupu na nyekundu, akachomeka kijiti na kuingiza kitanzi. Mwanafunzi mmoja alishika ncha ya pili, akaivuta ikakaza, akazunguka akichora duara kwenye vumbi. Kisha Madam akaichomoa kamba ile ile na kuilaza juu ya mstari wa duara, akiikunja ifuate mkunjo wake. Pale ilipoishia aliweka jiwe.

"Kutoka pale tulipoanza mpaka kwenye jiwe, ukitazama ukiwa katikati, hiyo ni radiani moja," alisema. "Hatukuazima kwa mtu. Imetoka kwenye duara lenyewe."

Akaendelea kuilaza kamba mpaka nusu ya duara ikaisha. Ziliingia kamba tatu na kikabaki kipande kidogo, kama shubiri moja. Alikisimamia kile kipande kwa muda, sisi tukichomwa na jua, akasema hicho ndicho kilichotuleta shule. Kamba tatu na kipande hicho ndiyo pai. Tangu siku hiyo, mtu aliyeandika tatu nukta moja nne kwenye daftari alirudishiwa kazi yake na maneno mekundu: usinikatie pai, iache ilivyo.

Digrii hakuzipenda. Alizifundisha kwa sababu zimo kwenye muhtasari wa somo, lakini kwake zilikuwa kitu cha kupangiwa, kama kituo cha kazi. Kuna watu zamani walikaa mahali, alisema, wakaamua duara ligawanywe vipande mia tatu na sitini, na hakuna aliyetuuliza sisi.

Sisi wengi tulikuwa tumejifunza Kiswahili shuleni, nyumbani tukisema Kiha, na sasa tulitakiwa kufikiri kwa Kiingereza. Kwenye mtihani pembe zinazojazana ziliitwa komplimentari na saplimentari, na nusu ya darasa walizichanganya mpaka siku ya mwisho. Madam akatutungia majina yake. Pembe mbili zikikaa pamoja zikajaza kona ya ukuta, yaani pai juu ya mbili, kila moja ni mwenza wa kona wa nyingine. Zikijaza mstari mnyoofu, yaani pai nzima, ni wenza wa mstari. Hatukuchanganya tena. Mpaka leo nikiona mlango ulio wazi nusu, kabla sijafikiria jambo lingine, nakadiria mwenza wake.

Kosa letu kubwa lilikuwa moja. Alitupa pembe ya pai juu ya sita, akauliza mwenza wake wa kona, na sisi tukaandika tisini ya digrii toa pai juu ya sita. Tulikuwa na hakika. Alitembea kati ya madawati, akaona kosa hilo hilo kwenye kila daftari, akarudi mbele na kukaa.

"Mna ndoo ya maji," alisema taratibu. "Mmetoa mihogo miwili. Niambieni kimebaki nini."

Na Madam huyo huyo, muhula uliofuata, alifundisha vipindi viwili mfululizo kalkuleta yake ikiwa kwenye digrii huku kila kitu ubaoni kikiwa radiani. Majibu yote yalikuwa uongo na hakuna aliyegundua. Kesho yake aliingia, akafuta ubao ambao tayari ulikuwa umefutwa, akatuomba radhi akiwa amesimama wima kama mtu anayetoa ushahidi. Kisha akatuadhibu kwa kutomgundua. Tulifyeka nyasi mpaka jioni na yeye alifyeka pamoja nasi.

Nilikuwa mwanafunzi wa kuuliza maswali ambayo wenzangu walicheka. Niliuliza: pembe ya pai mbili juu ya tatu, ambayo imeshapita kona, mwenza wake wa kona ni nani? Darasa likacheka. Madam hakucheka. Alisema hana. Ukilazimisha, jibu linakuja na alama ya kutoa, hasi pai juu ya sita, na hiyo si pembe ya kukaa nayo ukutani. Ila mwenza wa mstari anaye, ni pai juu ya tatu. Nililiwaza jibu hilo wiki nzima. Nilijiuliza kama mtu anajua wakati anaipita kona, au anagundua baadaye, anapoanza kutafuta.

Kwao Madam ni Newala, juu kwenye uwanda wa Wamakonde, pembe ya nchi iliyo mbali na sisi kuliko karibu nyingine zote. Alipangiwa Kibondo akiwa na umri kama wangu sasa. Alifundisha huko miaka mingi, wakati kambi ya wakimbizi ya Mtendeli ilipofunguliwa tena na barabara ikajaa malori, na alikuwa bado anafundisha kambi ilipofungwa na watu kuhamishwa au kurudishwa kwao. Muda wote huo aliomba uhamisho wa kurudi kwao. Mwishowe ukaja uhamisho, ukamleta Kasulu. Alikuwa akitueleza hilo kama kichekesho. Alisema serikali imemzungusha pai juu ya kumi na mbili, na kwa mwendo huo atafika Newala akiwa ameshazikwa.

Alikaa peke yake kwenye nyumba ya mwalimu pembeni ya uwanja. Jikoni kulivuja. Kwao maji yalikuwa shida ya kila siku, walinunua kwa ndoo au wanawake waliyafuata bondeni, kwa hiyo hata huku kwetu, ambako mvua inanyesha mpaka tunaikimbia, hakuweza kumwaga maji. Chini ya kila tundu la paa palikuwa na beseni. Nyuma ya nyumba palikuwa na madumu, sufuria, hata birika lisilo na kifuniko, vyote vimejaa. Maji aliyooshea mchele alimwagilia mchicha. Jirani yake aliwahi kumwambia kuwa ataota magamba.

Jirani huyo ndiye Mama Esperansi, muuza maharage. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye na wanawe ni raia sasa, na wana shamba upande wa Rungwe Mpya. Madam alijifunza kwake neno moja tu la Kiha, mwakeye, ambalo ni salamu ya asubuhi, na akalitumia saa zote. Alikuwa akipita sokoni jioni akisalimia mwakeye, na wanawake wanamwitikia mwakeye, kisha wanainamia magunia yao wakicheka. Nilipomwambia ni ya asubuhi alisema anajua. Alisema wakimcheka wanamwangalia, na siku nyingine hiyo ndiyo mara pekee ambayo mtu anamwangalia.

Hakusema maneno kama hayo mara nyingi. Darasani alikuwa mkali, na ofisini, kwa walimu wenzake, alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa. Mwezi wa Ramadhani alifuturu peke yake kwa uji na dagaa wa Kigoma, mlango wazi, ili mtu akipita amkaribishe. Nilipita mara kadhaa kwa makusudi. Nilijifanya natoka kisimani.

Jumapili alizungumza na mama yake kwa simu. Mama alikuwa mzee, macho yamefifia, anaishi na msichana wa kumsaidia. Waliongea Kimakonde kwa sauti ya juu kama vile kila mmoja amesimama kwenye kilima chake. Nilimwuliza Madam mama yake anasema nini, kwa kuwa kila mara alianza na sentensi ile ile. Alisema mama yake anauliza: umefika wapi? Mama aliambiwa zamani kwamba binti yake anarudi, na kichwani mwake binti huyo yuko njiani tangu siku hiyo. Madam alishaacha kumsahihisha. Alimjibu tu, bado niko Kasulu, mama, na mama akasema haya, tembea salama.

Walimu wanajua njia ya kuhama ambayo haingoji bahati. Unatafuta mwalimu wa somo lako aliyeko kule unakotaka kwenda, na yeye anataka kuja kule uliko. Mnabadilishana. Kuna makundi ya simu yaliyojaa matangazo ya namna hiyo, na kila anayetangaza anakisifia kituo chake kama anauza kiwanja: barabara ya lami, umeme muda wote, wanafunzi wenye nidhamu, mji unaokua.

Tangazo la Madam nililisoma kwa macho yangu. Lilisema: mwalimu wa Hesabu, Kasulu, natafuta wa kubadilishana naye kutoka Newala. Nyumba ipo, inavuja jikoni. Mvua ni nyingi, asubuhi kuna baridi. Lugha ya nyumbani ni Kiha, utachelewa kuizoea. Kutoka huku hadi huko ni safari ya siku nyingi. Wanafunzi ni wazuri.

Alijitokeza mtu mmoja tu. Alikuwa mwalimu wa kiume aliyeoa binti wa Titye, kijiji cha huku kwetu, na kwa wiki mbili Madam alikuwa mwingine kabisa, hata akapaka mlango rangi. Kisha yule mwalimu akauliza habari ya upweke, kama mtu mgeni anaweza kuwa na marafiki. Madam alimjibu ukweli. Hatukumsikia tena.

Mimi nilikasirika kwa niaba yake. Nilimwambia hakukuwa na ulazima wa kusema yote, angeacha huyo mtu aje ajionee mwenyewe.

"Nikisema mimi ni pai juu ya tatu na kumbe ni pai juu ya nne," alisema, "mwenzangu atakuja na kipimo cha kukamilisha pai juu ya tatu. Tutaacha ufa kwenye kona. Ufa huo atakaa nao yeye, si mimi."

Mama Esperansi, aliyekuwa anapembua maharage kwenye ungo pale pale, akasema yake. "Sisi tulihama bila fomu hata moja, Madam. Wewe una fomu mfuko mzima, na hujasogea." Walicheka wote wawili kwa muda mrefu, na mimi nikashindwa kucheka, nikabaki nawaza kama kilikuwa kicheko au namna nyingine ya kulia, mpaka Madam akaniambia nitoe maji kwenye beseni la jikoni.

Nilisoma chuo, ualimu wa Hesabu, nikarudi nyumbani na cheti na kuanza kungoja ajira kama wengine wote. Niliwaza kila kitu. Nikitumiwa ujumbe wa neno moja niliusoma kwa sauti tatu tofauti. Mchana nilikwenda kwa Madam, tukisahihisha madaftari upande na upande wa meza moja. Hatukuongea sana. Alikuwa na swali alilowauliza watu wote, mpaka mkaguzi aliyefika na gari: mwenza wa mstari anamzidi mwenza wa kona kwa kiasi gani? Jibu ni kona moja, kwa pembe yoyote utakayochagua. Alisema kila akiliuliza anahisi kuna kitu duniani kimetulia.

Nafasi zilipotangazwa, mfumo uliniruhusu kuchagua halmashauri ninazotaka. Wenzangu walichagua miji. Mimi nilikaa mbele ya kompyuta ya mtu, nikachagua Newala, nikafuta, nikachagua tena. Sikumwambia. Niliogopa kwamba nikisema nakwenda ili siku moja nimpishe, atanikataza. Niliogopa pia kwamba hatanikataza. Na niliogopa zaidi kuwa yote haya ni hadithi ninayojitungia, na ukweli ni kwamba nataka tu kuondoka.

Nilipopangiwa huko, nilimwambia Madam. Akanipa namba ya msichana wa mama yake.

Newala nilikuwa mgeni kama yeye alivyokuwa kwetu. Nilijifunza salamu ya Kimakonde nikaikosea, watu wakanicheka, na nikaelewa. Jumamosi nilimpelekea mama yake maji. Alinishika mkono, akaupapasa mpaka kiwiko, akamwuliza msichana jambo. Msichana akanitafsiria: anauliza kama wewe umepishana na binti yake njiani. Nilisema ndiyo, tumepishana, anakuja.

Nilifundisha pale mpaka nikathibitishwa kazini na muda uliotakiwa kabla ya kuomba uhamisho ukatimia. Likizo ya Desemba nilipanda mabasi mpaka Kasulu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Dodoma, na yote yalipotea nilipomkuta nyuma ya nyumba akihamisha maji kutoka sufuria kwenda dumu. Alikuwa amepungua mwili. Aliniambia mwakeye, na ilikuwa saa kumi jioni.

Nilimwambia moja kwa moja kwamba nataka kubadilishana naye.

Aliweka sufuria chini, akajifuta mikono kwenye khanga, akaniambia niseme vipimo. Nikasema. Nyumba haivuji kwa kuwa hakuna cha kuvuja. Maji yanakuja mara chache. Darasa la kidato cha tatu lina kelele. Mkuu wa shule ni mtu mwema ila anasahau. Mama anakula vizuri, jicho la kushoto halioni tena, la kulia linaona kivuli. Alisikiliza yote kama anayefuata hesabu ubaoni akitafuta mstari wenye kosa.

"Na wewe?" aliuliza. "Unataka kurudi kweli, au unanihurumia? Usinidanganye kipimo."

Mama Esperansi alikuwa amesimama upande wa pili wa ua na ungo wake.

"Nataka kurudi," nilisema. "Lakini nikiwa kule nikiwaza nyumbani, nakuona wewe na meza na madaftari. Nikirudi, hutakuwepo. Sijui kama hicho ni kipimo."

Alikaa juu ya dumu. Alichukua kijiti akachora kona kwenye udongo uliolowa, kisha akachora mstari mmoja kutoka kwenye ncha, ukaigawa kona vipande viwili.

"Wenza wa kona hawakai chumba kimoja, binti yangu," alisema. "Wanagusana kwenye mstari huu tu. Sisi tumegusana miaka yote hii, kabla hata ya kuwa wenza. Tulizidishiwa."

Fomu zilichukua miezi. Nilirudi Newala kungoja, kisha zikapita, tukakubaliana kwamba nifike Kasulu kabla hajaondoka ili anikabidhi darasa. Tulikuwa pamoja katika nyumba ile usiku mmoja, yeye kitandani, mimi kwenye mkeka, na hatukuongea chochote cha maana. Aliniambia dirisha gani halifungi. Asubuhi, stendi, kwenye baridi na moshi wa mabasi, alifungua mkoba akatoa kamba na kunipa.

"Huko nitakata nyingine," alisema. Mama Esperansi alimpa fungu la maharage na kumwambia sasa anahama kama watu wengine. Madam aliwasalimia wote mwakeye, na safari hii saa ilikuwa sahihi, kwa hiyo hakuna aliyecheka.

Ujumbe ulikuja siku ambayo mvua ilikuwa inanyesha na mimi nimesimama jikoni. Ulikuwa neno moja, nimefika. Kwa mara ya kwanza maishani sikuhitaji kusoma neno kwa sauti tatu. Niliandika jibu refu, nikalifuta, nikaandika lingine, nikalifuta, nikatuma: vizuri, Madam. Beseni lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Nililibeba kwa uangalifu mpaka nje na kutafuta dumu lenye nafasi, na halikuwepo hata moja, nikasimama na beseni mvuani.

Kulipokucha kulikuwa kumekauka. Niliwatoa kidato cha tano nyuma ya maabara, nikachomeka kijiti, nikaingiza kitanzi, nikauliza nani atashika ncha ya pili. Walinitazama. Hawakunijua bado. Nilisimama nimeishika kamba imelegea mkononi, nikingoja mmoja wao asogee.